Kabla Vuli Haijanyesha: Kupiga Picha za Rangi za Kabuku

Ukifungua kamusi kutafuta jina la majira yale ambayo majani ya Ulaya hugeuka rangi na kudondoka, mara nyingi utaambiwa ni vuli. Mtoto wa Kabuku akisoma hivyo darasani lazima ashangae. Vuli anayoijua yeye ni mvua ya Oktoba hadi Desemba, ile inayoamsha nyasi na kuwarudisha watu shambani na majembe. Kwetu vuli haipukutishi kitu. Kinachopukutisha ni miezi inayoitangulia: masika yanakatika, kipupwe kinaingia na upepo wa kusi, kisha ukavu unakolea Agosti na Septemba mpaka lile wingu la kwanza zito lijitokeze. Miezi hiyo ndiyo ninayokuandikia. Ina rangi nyingi kuliko watu wanavyodhani, na picha zake hazipigwi vya kutosha, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba nchi ikikauka imechakaa, na kwamba mpiga picha mwenye akili husubiri kijani kirudi.

Kabuku yenyewe wengi wanaijua kwa dirisha la basi. Iko wilayani Handeni, kwenye barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, ambako njia inagawanyika, moja ikishika Tanga mjini na nyingine Korogwe, Mombo na Moshi. Basi linapunguza mwendo, machungwa yanapandishwa dirishani, chenji inarudi kwa haraka, safari inaendelea. Nakuomba safari moja ushuke.

Mti wa huku unasoma udongo

Kabla ya kushika kamera, elewa kinachotokea, maana ukikielewa utajua pa kusimama. Katika nchi za baridi jua ndilo linaloamuru. Siku hufupika kwa miti yote kwa pamoja, usiku unapoa, jani linavunja ukijani wake na kurudisha chakula chake kwenye tawi. Njano iliyokuwamo ndani tangu mwanzo inajitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu mpya kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana mlima mzima kule hugeuka rangi ndani ya wiki chache, na watu husafiri kwenda kuutazama.

Kabuku iko kama nyuzi tano na nusu kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hapa haifiki dakika 40. Jua haliwezi kuushtua mti kwa kiasi hicho. Kinachoamuru huku ni maji. Mti huangusha majani ili usipoteze unyevu, na kila mti hukata shauri kwa kadiri ya udongo uliousimamia. Mti wa kilimani kwenye changarawe utakuwa uchi Agosti, wakati ndugu yake wa aina ileile, mita 200 chini yake karibu na kijito, bado amevaa kijani chake chote.

Hilo ndilo la kwanza kulitafuta: mpaka. Usihangaike kutafuta bonde zima la njano, kwa sababu halipo, na ukilitafuta utarudi nyumbani umekata tamaa. Tafuta mahali ambapo kijani na kikavu vinakutana. Mstari wa mto unaopita katikati ya nyasi za dhahabu. Mwembe mweusi kwa majani uliosimama peke yake kwenye shamba la mabua. Ukingo wa shamba la mkonge, ambapo safu za kibuluu-kijivu zinagusa udongo mwekundu na majani makavu ya porini. Picha ya Kabuku inakaa kwenye mipaka hiyo.

La pili ni kalenda, na hapa sitakudanganya kwamba tarehe hazihami. Zinahama, kwa kuwa mvua zenyewe zinahama. Lakini mpangilio wake ni huu. Juni nyasi zinaanza kupoteza kijani kutoka nchani, asubuhi kuna umande mzito, na mahindi ya masika yanakaukia shambani. Julai na Agosti ni mavuno, mabua, machungwa, na watoto wakienda shule na sweta. Septemba vumbi linatawala, moshi wa mashamba yanayosafishwa unatanda, na miti mingi imebaki matawi. Kisha inakuja ile ajabu ambayo mgeni hawezi kuiamini: mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kabla tone halijadondoka, miti ya miombo ya upande wa Handeni mjini na Kilindi hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba. Ukimwonyesha picha hizo mtu aliyezoea misitu ya Canada atakuambia ni majani yanayokufa. Kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa. Miembe nayo hufanya hivyo kwa kiasi chake: majani yake machanga huning'inia laini, ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, siku chache tu kabla hayajakomaa na kuwa kijani. Siku hizo usizikose.

Kama unataka jani jekundu linalokufa kwelikweli, liko karibu kuliko unavyodhani. Utafute mkungu, ule mti wa matawi yaliyopangika kama sinia juu ya sinia, unaopandwa kwa kivuli kwenye viwanja vya shule, misikiti na stendi. Majani yake mapana hugeuka njano, kisha machungwa, kisha nyekundu ya damu kabla hayajaanguka. Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafagia uwanja, chini yake kuna zulia. Una dakika kama 20. Baada ya hapo fagio linapita.

Chungwa lisilo la rangi ya chungwa

Juni mpaka Agosti ni msimu mkubwa wa machungwa wa Muheza na Handeni, na hakuna kitu kinachoieleza hali ya hewa ya huku vizuri kuliko tunda hili. Chungwa la Kabuku huiva likiwa kijani. Ngozi ya chungwa huacha ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi ya kutosha, na usiku wa nyanda hizi hauna baridi hiyo. Tunda linajaa maji, linajaa sukari, na ngozi inabaki kijani yenye mabaka ya njano. Mabaka hayo huongezeka katika miezi ya kipupwe. Ukiyaona, unaona baridi kidogo ya Julai imeandikwa juu ya ngozi.

Kwa mpiga picha hii ni zawadi na ni mtego. Rundo la machungwa mabichi kwa sura linaweza kutoka kwenye picha kama rundo la kitu chochote. Dawa yake ni moja: mwombe muuzaji alikate moja. Lile tumbo la njano iliyokolea katikati ya ngozi za kijani ndilo linaloibeba picha yote. Liweke upande wa jua, wewe usimame upande wa pili, mwanga upite ndani ya nyama ya tunda. Vijumba vyake vya maji vitawaka kama taa. Piga ukiwa karibu sana, na upunguze mwangaza wa picha kidogo, la sivyo njano itageuka nyeupe.

Ngozi zilizomenywa nazo usizipite. Mtu aliyezoea kumenya chungwa kwa kisu hutoa utepe mmoja mrefu usiokatika, na tepe hizo zikirundikana chini zinakauka kwa rangi tatu kwa pamoja.

Mara yangu ya kwanza kuwapiga picha akina mama wa machungwa nilikosea. Nilisimama mbali, nikatoa lenzi ndefu, nikaanza kupiga bila salamu. Mama mmoja akaniita kwa mkono. Nilipofika akaniambia, "Mwanangu, wewe unachukua tu? Kaa kwanza, kula chungwa." Nilikaa. Nikala matatu, nikanunua sado moja, tukazungumza habari za mvua na bei. Baada ya nusu saa akasema sasa piga. Picha za kabla ya hapo zote nimezifuta. Mikono ilikuwa imekunjwa, macho yalikuwa yananitazama kwa mashaka. Za baadaye anacheka na mtu aliye nje ya picha, kisu kikiwa katikati ya chungwa.

Basi: shikamoo kwanza, kununua pili, kuomba ruhusa tatu, kamera mwisho. Ukiingia ndani ya vijiji, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji umweleze unachofanya. Itakuchukua muda mfupi na itakufungulia milango kutwa nzima. Mtoto usimpige bila mzazi au mlezi kujua. Na pale barabarani, ambapo wauzaji hukimbilia madirisha ya mabasi, simama upande wa wauzaji, nyuma ya ukingo wa lami, usirudi nyuma kamwe ukiwa unatazama ndani ya kamera. Malori ya barabara hiyo hayana subira. Ikiwa kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi, weka 1/500 ya sekunde au zaidi ili mkono ulioinua chungwa utulie. Kwa simu, piga mfululizo kisha uchague moja.

Mkonge, usiobadilika

Katikati ya mabadiliko yote haya umesimama mkonge, ambao haujali. Rangi yake Januari ndiyo rangi yake Septemba: kijani chenye ubuluu na kijivu, kama chuma kilichopozwa. Mmea huu ulikuja na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893; katika miche aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia kwenye miche hiyo, na Kabuku na Korogwe zimelelewa ndani ya safu zake.

Kwa kuwa haubadiliki, mkonge ndio kipimo chako. Uweke mbele au nyuma ya kile kinachobadilika. Nyasi zikiwa kijani, mkonge unazama ndani yake na picha inakuwa bubu. Nyasi zikikauka, mkonge unajitenga, kila jani linaonekana kama mkuki. Ndiyo sababu nasema Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kupiga mashamba haya. Jua likiwa chini pembeni yako, kila safu inatupa kivuli kwenye udongo mwekundu, na unapata mistari ya rangi tatu inayokimbilia mbali. Panda juu ya kitu, hata ngazi ya kuazima au kichuguu. Mita moja ya urefu inabadilisha kila kitu, maana ukiwa chini unaona majani tu, ukiwa juu unaona safu.

Mmea wa mkonge huchanua mara moja tu maishani, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Mlingoti wake wa maua hupanda juu kuliko paa la nyumba. Kwenye shamba lililoachwa utaikuta milingoti mingi, mingine mikavu kabisa. Hii piga jioni, jua likiwa nyuma yake, kwa weusi mtupu dhidi ya mbingu. Usijaribu kuonyesha rangi ya mlingoti, hauna. Onyesha umbo.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote katika nchi hii ya mkonge ni singa zinapoanikwa. Jani likishapita kwenye korona, ile mashine inayokwangua nyama na kubakiza nyuzi, singa hutoka mbichi zenye ukijani, zinatundikwa juu ya waya nje, na jua linazikausha mpaka ziwe nyeupe yenye dhahabu. Waya kwa waya, safu kwa safu, kama nywele za bibi mkubwa. Hapa kuna siri ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha. Ukisimama katikati ya safu mbili za singa, mwanga unakujia kutoka pande zote mbili, umelainika, hauna ukali. Zile singa zinafanya kazi ya vile vitambaa vyeupe ambavyo mastudio ya mjini hununua kwa bei kubwa. Mfanyakazi aliyesimama hapo saa 4 asubuhi, wakati nje mwanga umeshaharibika, bado uso wake utatoka vizuri, na ngozi yake itang'aa bila kuungua.

Hilo lina uzito kwetu. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa kadi zilizokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, kadi za Shirley za kampuni ya Kodak, na kwa miaka mingi nyuso zetu zilitoka kwenye picha kama kivuli chenye meno. Kamera za sasa zimeboreka, ila tatizo bado lipo pale mtu mweusi anaposimama mbele ya kitu cheupe sana: kamera inapima ule weupe na kumzamisha mtu gizani. Kwa hiyo pima uso. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, si singa. Singa ziache zipotee kidogo kwa weupe; sura ya mtu isipotee.

Mashamba yana wenyewe. Omba ruhusa ofisini au getini, na ukiruhusiwa kuingia kwenye korona, usivae shali wala mkanda wa kamera unaoning'inia. Mashine ile haina huruma. Kama umeambiwa hapana, singa za kwenye waya mara nyingine huonekana hata kutoka barabarani, hizo zinatosha.

Saa na mwanga

Julai jua huchomoza Kabuku saa 12:35 hivi asubuhi na kuzama karibu na saa 12:25 jioni. Oktoba huchomoza mapema zaidi, saa 12:10 hivi. Namba hizi zina maana kwa sababu jua la karibu na Ikweta hupanda wima. Ulaya mwanga wa dhahabu unaweza kukaa saa nzima na zaidi ukizunguka pembeni mwa anga; hapa una kama nusu saa, halafu umekwisha. Baada ya jua kuzama, giza linafuata upesi vilevile. Kwa hiyo sehemu yako uichague jana yake. Fika ukiwa bado unahitaji tochi, uwe umesimama tayari wakati anga linaanza kupauka.

Saa za katikati ya mchana hazina msaada, hasa mwanzoni mwa Oktoba, jua linaposimama utosini kabisa na vivuli kuingia chini ya miguu. Kati ya saa 4 na saa 10 mimi hukaa kivulini na kupiga vitu vidogo: ganda la msufi lililopasuka na kutema pamba yake, mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, ukucha wa mzee ukipukuchua gunzi. Kivuli cha mwembe ni studio ya bure.

Asubuhi za kipupwe zina kitu kingine tena, na hicho si rangi. Umande na moshi wa mafiga hulala chini kwenye mabonde, na mtu anayetembea ndani yake anakuwa umbo tu. Ukiwa Korogwe tazama upande wa milima ya Usambara saa hizo: ukingo mmoja wa buluu nyuma ya mwingine, wa mbele mzito, wa nyuma mwepesi kama moshi. Tumia lenzi ndefu au vuta picha kwa simu kwa kiasi, ili zile tabaka zikaribiane. Ukizidisha kuvuta kwa simu, picha inavunjika kuwa chengachenga. Ni heri upige pana na kukata baadaye. Ukiendelea zaidi, ukipita Mombo na Mazinde kuelekea Same, mibuyu iliyo uchi inasimama chini ya milima hiyohiyo. Msimu wa majani, mbuyu ni mti kama miti mingine. Ukavu ndio unaouonyesha mifupa.

Sasa vifaa, kwa ufupi. Simu inatosha. Bonyeza kidole kwenye jani mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha chini kupunguza mwangaza mpaka rangi ijae. Nyekundu ndiyo hatari kuliko zote: shuka la mfugaji wa Kimaasai au jani la mkungu kwenye jua kali linaweza kuvimba ndani ya picha, likawa bonge moja la rangi lisilo na mishipa wala mikunjo. Punguza mwangaza mpaka uone mikunjo. Kama kamera yako ina mpangilio wa rangi ya mwanga, usiuache ujiendeshe, kwa sababu kamera huuona umanjano wa asubuhi kama kosa na kuufuta. Uweke kwenye alama ya jua, karibu na kelvini 5500, na jioni uweke kwenye alama ya mawingu ukitaka joto zaidi. Ukiweza kuhifadhi faili za RAW, fanya hivyo. Utakuwa na nafasi ya kurekebisha nyumbani.

Majani ya huku yana mng'ao. Mwembe, mchungwa, mkonge, yote hurudisha mwanga mweupe wa mbingu na kuficha rangi yake. Kichujio cha polaraizi kinaondoa mng'ao huo, na kama huna, miwani ya jua ya polaraizi ikiwekwa mbele ya lenzi ya simu na kuzungushwa taratibu inafanya kazi hiyohiyo. Nimefanya hivyo mara nyingi, na tofauti inaonekana mbele ya macho yako.

Vumbi ndilo adui wa kweli. Futa lenzi kila mara kwa kitambaa laini cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana, lakini pepeta kwanza vumbi lisije likakwaruza kioo. Lenzi za kamera kubwa usizibadilishe nje upepo wa kusi ukivuma. Vumbi hilohilo, lakini, likiwa hewani jioni nyuma ya kundi la ng'ombe na jua likiwa nyuma yake, ndiyo picha ambayo utaitafuta mwaka mzima. Simama upande wa kivuli, jua liwe mbele yako limefichwa na mti au ng'ombe mmoja, na upige wakati vumbi limepanda kiunoni.

Moshi wa Septemba nao hulifanya jua kuwa sahani nyekundu inayotazamika. Ipige kutoka mbali. Moto wa nyasi hugeuka na upepo haraka kuliko mtu anavyokimbia, na usimwombe mtu yeyote awashe moto kwa ajili ya picha yako. Kambi ya jeshi na kituo cha polisi usivielekezee kamera. Na kama una droni, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla haijanyanyuka.

Rudi palepale

Yote niliyokuambia yanaweza kufanywa kwa siku moja, na utapata picha nzuri. Lakini siku moja haiwezi kuonyesha msimu. Msimu ni mwendo, na mwendo unaonekana tu pale kitu kimoja kinapobaki mahali pake.

Kwa hiyo chagua mti mmoja. Uwe karibu na njia unayopita, uwe na nafasi pande zote, na uwe ule unaopukutisha: mkungu, msufi, mbuyu, au mwembe kama unapenda majani machanga. Simama mahali utakapoweza kusimama tena, uweke jiwe chini ya miguu yako. Piga kwa kipimo kilekile cha lenzi, saa ileile, mara moja kwa wiki kuanzia Juni. Usiisubiri siku nzuri. Siku ya ukungu, siku ya mawingu, siku ambayo kuna mbuzi amefungwa kwenye shina, zote piga. Kufikia Septemba utakuwa na picha 12 au zaidi, na ukizipanga mezani utaona kitu ambacho jicho la kila siku halikioni: mti unavyolegea, unavyopungua, mbingu inavyoongezeka kati ya matawi wiki kwa wiki.

Katika ziara hizo chapisha baadhi ya picha kwenye studio ya Korogwe au Tanga na uwapelekee waliomo. Karatasi, si simu. Yule mama wa machungwa yake ameitia kwenye nailoni na kuitundika nyuma ya meza ya biashara, na tangu siku hiyo sijawahi kuulizwa tena nachukua nini.

Kisha jiandae kwa siku ya mwisho. Itakuja bila kukuaga, Oktoba au baadaye, kwa kawaida mchana, baada ya asubuhi ya joto la kukaba. Upepo utageuka, vumbi litainuka, akina mama watakimbilia mahindi yaliyoanikwa. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuokota mmoja wa kufunika kamera; beba mwavuli na kanga. Matone ya kwanza ni makubwa na ya mbalimbali, na kila moja linachimba kishimo kwenye vumbi jekundu. Udongo unageuka kutoka rangi ya tofali kuwa rangi ya ini. Jani la mkungu lililolala chini, lililokuwa limepauka, linalowa na kurudisha wekundu wake wote, kwa sababu maji yanaondoa ule mng'ao wa juu na kuiacha rangi peke yake. Hili litachukua dakika 10, pengine 15, kabla mvua haijakaza na kila kitu kuwa kijivu. Piga la chini kwanza, udongo na majani. Halafu nenda kwenye jiwe lako, usimame pale uliposimama tangu Juni, mtu mmoja akushikie mwavuli.